Je, Yafaa Imani Iandikwe?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili mwenye duka alijua vema. Lakini imani je? Yafaa watu wa dini waandike kwa maneno machache yale wanayoyaamini, au yatosha kuwa na Biblia na kuishi kwa upendo? Swali hili tumelisikia mara nyingi kwa walimu na wazee wa kanisa, nasi twapenda kulitazama kwa utaratibu.

Wako Wakristo waliokataa jambo hilo. Kanisa la Marafiki, ambalo wengi wetu twalijua kwa habari za Kaimosi katika Kenya, walikofika mwaka 1902, tangu mwanzo wake halikutaka kumfunga mtu kwa kanuni ya imani. Waliogopa kwamba mtu aweza kuyasema maneno yote kwa ufasaha, wala asimjue Mungu atajwaye ndani yake. Hofu hiyo si ya bure. Walakini hata wao walilazimika kushika kalamu. Mwaka 1671 George Fox na wenzake walikuwa katika kisiwa cha Barbados, wakasingiziwa kwamba wamkana Mungu na Kristo, tena kwamba wawafundisha watumwa kuasi. Ndipo walipomwandikia liwali wa kisiwa barua ya kueleza waliyoyaamini. Hapo twajifunza ya kuwa asiyeiandika imani yake mwenyewe, huenda adui zake wakamwandikia.

Tutazame tena kanisa la Wabatak, katika kisiwa cha Sumatra. Injili waliipokea kwa wamisionari Wajerumani katika karne ya 19, na pamoja nayo Katekisimo Ndogo ya Luther. Mwaka 1940 wamisionari hao walikamatwa kwa ajili ya vita, kama walivyokamatwa wenzao wengi katika Tanganyika, na Wabatak wakaliongoza kanisa lao wenyewe. Mwaka 1951 sinodi yao ikatunga ungamo la imani. Hawakuzitupa zile imani za kale, yaani ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio. Walisema kwamba ungamo lao ni mwendelezo wake. Lakini walijibu pia maswali ya nyumbani kwao. Waliandika kwamba yafaa kuwakumbuka waliokufa, bali wakakataa mawazo kwamba roho za wafu zina nguvu juu ya walio hai. Mwaka uliofuata walipokelewa katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, nao waliingia na ungamo lao wenyewe mkononi.

Basi twaona kwamba maandiko ya namna hii huzaliwa na swali. Hata maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 hawakuandika kwa kupenda maneno mengi. Arius alikuwa amefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na mafundisho hayo yaliwagawanya waamini, ikawapasa kujibu. Palipo na swali zito, kunyamaza nako ni jibu, tena jibu baya.

Lakini kuna hatari upande wa pili, nayo tumeiona kwa macho yetu. Katika usharika mmoja tuliofanya kazi palikuwa na mjane mzee aliyetaka kubatizwa. Alihudhuria mafundisho masika matatu, naye hakukosa siku ila alipougua. Lakini kichwa chake kilikuwa kimechoka, maneno ya Imani hayakukaa. Alirudishwa mara mbili. Mara ya pili mzee mmoja wa kanisa alimwuliza kwa upole, "Mama, wewe mwenyewe wamwamini Yesu kuwa nani?" Akajibu, "Baba, mume wangu alikufa, na wanangu wawili walikufa, hawakurudi. Yeye alikufa akarudi. Nataka niwe upande wake." Waliomtahini wakasema hayo siyo yaliyoandikwa. Sisi tulimwombea, tukaambiwa na angoje Pasaka. Pasaka hakuifikia. Alizikwa kando, nje ya makaburi ya Wakristo.

Twauliza: ni neno gani la Imani ya Mitume ambalo mama yule hakulisema? Alikiri kifo cha Bwana, na kufufuka kwake, na tumaini lake mwenyewe. Waliomrudisha walikishika kitabu kwa mikono miwili, wala hawakukitambua kilipotoka katika kinywa cha mwanamke asiyejua kusoma.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Imani na iandikwe, ili watoto wasipotezwe na kila mhubiri apitaye, na ili tusingiziwapo tuwe na la kuonyesha. Lakini iandikwe katika lugha ambayo watu huombea nayo, nao wenyewe washiriki kuitunga. Tena mwalimu asimwulize mwanafunzi maneno tu, bali na maana yake. Na mwenye kutahini akumbuke kwamba maandishi hayo yamewekwa ili kumsaidia mtu kukiri, siyo kumzuia aliyekwisha kukiri.

Walimu wenzetu walio na mawazo mengine, na watuandikie katika gazeti hili. Twapenda kuyasoma.