Huguette Clark: majumba matupu, kitanda cha hospitali

Huguette Clark alizaliwa Paris mwaka 1906. Baba yake, seneta William Clark, alitajirika kwa shaba ya Montana, Marekani. Wakaaji wa Katanga wanajua namna shaba inavyotajirisha wachache.

Huguette alikuwa na jumba California, lingine Connecticut ambalo hakuhamia kamwe, na nyumba New York. Lakini miaka yake 20 ya mwisho aliishi hospitalini, hata baada ya kupona, pamoja na muuguzi na wanasesere wake. Alifariki mwaka 2011, na miaka 104, bila mtoto.

Mwaka 2005 alitia saini wosia mara mbili, katikati zikipita wiki sita tu. Wa kwanza uliwapa ndugu sehemu kubwa. Wa pili uliwanyima kabisa. Ugomvi wa mali ya karibu dola milioni 300 uliisha kwa mapatano mwaka 2013: ndugu walipata zaidi ya milioni 34, muuguzi akarudisha milioni 5.

Kwa jamaa zilizokimbia vita na kuacha kiwanja au shamba, swali ni lilelile: mashahidi gani wanajua mwenye mali anataka nini? Aseme mbele yao angali hai.