Walioamka Pamoja

Usiku wa tarehe 20 Februari 1946, jumba la opera la Covent Garden, London, lilifunguliwa upya. Miaka yote ya vita lilikuwa ukumbi wa dansi. Askari walikuja hapo na wasichana wao, wakacheza juu ya sakafu iliyotandazwa mahali pa viti, kisha wakarudi walikoitwa, na wengine hawakuonekana tena. Sasa viti vimerudi. Mfalme George wa Sita ameketi na familia yake. Constant Lambert anainua kijiti mbele ya okestra, na kundi la baleti la Sadler's Wells linaanza kusimulia hadithi ya Aurora, binti mfalme aliyelala miaka mia moja.

Kwa nini hadithi hii, usiku ule? Ninette de Valois, aliyeliasisi kundi hilo na kuliongoza, angeweza kuchagua nyingine. Labda hakuna hadithi iliyofaa zaidi kwa jumba lililokuwa limelala. Lakini waliokaa gizani wakitazama, kila mmoja akiwa moyoni na jina la mtu ambaye hakurudi, waliiona kwa jicho gani?

Nguo zilikuwa bado zinanunuliwa kwa kuponi. Oliver Messel, aliyechora mandhari na maleba, alilazimika kuusimamisha ufalme mzima jukwaani katika nchi yenye njaa ya vitambaa. Kundi lenyewe lilikuwa limeonja hasara: Mei 1940 lilikuwa Uholanzi wakati majeshi ya Ujerumani yalipovamia, likaponea chupuchupu, likaacha nyuma maleba, mandhari na karatasi za muziki. Watu walirudi na miili yao. Vitu vilibaki huko, na baadhi ya noti za Lambert zikapotea pamoja navyo.

Hadithi inajulikana. Mtoto amezaliwa, vichimbakazi wema wamealikwa, mmoja amesahauliwa. Huyo, Carabosse, anakuja na hasira yake, anatamka kwamba binti atajichoma kidole kwa sindano ya kusokotea nyuzi, atakufa. Ndipo anasimama kichimbakazi wa maua ya lilaki, ambaye alikuwa hajatoa zawadi yake. Hana uwezo wa kuifuta laana. Analoweza ni kulaini­sha neno moja tu: mauti yawe usingizi.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoitazama baleti hii. Si ndilo tunaloliomba wote? Hata sisi, tukisimama kandoni mwa kaburi, humwombea marehemu alazwe mahali pema. Tunajua tulichokifukia, na bado midomo inachagua kulala.

Charles Perrault, ambaye kitabu chake chenye hadithi hii kilitoka Ufaransa mwaka 1697, alikuwa mkali kuliko jukwaa. Kwake, kichimbakazi aligusa kila aliyekuwa katika kasri kwa fimbo yake: wapishi, walinzi, farasi zizini, kijibwa kitandani, hata moto jikoni ukasinzia pamoja na kware waliokuwa wakichomwa. Wote isipokuwa mfalme na malkia. Hao wawili walimbusu mtoto wao akiwa usingizini, wakatoka, wakaenda kuumalizia umri wao mahali pengine. Binti atakapofumbua macho, wazazi watakuwa wamekufa zamani.

Katika baleti iliyooneshwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1890, kwa muziki wa Tchaikovsky na hatua za Marius Petipa, jambo hilo limeondolewa. Mfalme na malkia wanalala pamoja na wote, na wanaamka pamoja na wote. Naelewa sababu ya jukwaani: tendo la mwisho ni harusi, na harusi inataka wazazi. Ila siamini kwamba ni hilo tu. Nadhani mtu fulani hakustahimili kumwamsha mtoto katika nyumba isiyo na mama.

Nami sistahimili. Nilipomzika mama yangu, nilitamani jambo hilohilo, kwamba kama ni lazima alale, basi tungelazwa sote, na jiko, na kuku wa uani, na jirani aliyekuwa mlangoni akibisha hodi. Kilichonitisha kilikuwa asubuhi iliyofuata, ilivyokuja kama kawaida na watu wakaenda sokoni.

Kwetu msiba una siku zake. Watu huja, hulala chini, hupika, hulia, na siku ikifika matanga huanuliwa. Lakini matanga yanahitaji watu waliomjua marehemu. Binti wa Perrault angelilia na nani? Waliowazika wazazi wake nao wamekwisha kuzikwa, na waliowazika hao pia. Msiba wake umepita kabla hajaujua. Je, huo ni unafuu, au ndio upweke wenyewe?

Kisha nayafikiria maisha ya ngoma yenyewe. Mchoro hubaki ukutani, kitabu hubaki kwenye rafu. Hatua ya baleti haina pa kubaki ila katika mwili, na mwili unakwenda. Petipa alifariki mwaka 1910. Baada ya mapinduzi ya 1917, mtu wa baleti aitwaye Nicholas Sergeyev alitoka Urusi akiwa amebeba madaftari yaliyoandikwa kwa alama zinazofanana na noti za muziki: mguu huu hapa, mkono ule pale. Kutokana na madaftari hayo London ikaamsha baleti hii mwaka 1921, kisha tena mwaka 1939, na toleo la 1946 likasimama juu ya kazi hiyo. Leo madaftari yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Alama zinasema mguu uende wapi. Pumzi iliyovutwa kabla ya mguu kwenda, nani aliiandika?

Aurora wa kwanza, mwaka 1890, alikuwa Mwitaliano Carlotta Brianza. Mwaka 1921, Sergei Diaghilev alipoionesha London, Brianza alirudi jukwaani, safari hii akiwa Carabosse. Msichana aliyechomwa na sindano ndiye sasa anayeileta laana. Sijui kama alihuzunika, au alifurahi tu kuusikia muziki ule tena. Nikimwazia akisimama pembeni, akimtazama kijana mwingine akiadhimisha siku ya kuzaliwa ya Aurora, ambayo yeye alishawahi kuiadhimisha mbele ya Tchaikovsky mwenyewe, maneno yananiishia.

Usiku ule wa 1946, Aurora alikuwa Margot Fonteyn, mwenye umri wa miaka 26. Kuna mahali katika tendo la kwanza ambapo wachumba wanne wanampokea kwa zamu, naye anasimama juu ya ncha za vidole vya mguu mmoja, anauachia mkono wa huyu, anakaa peke yake hewani kitambo kisichopimika, kisha anaushika mkono wa yule. Kuachia huko ndiko watu wanakokuja kutazama. Nimeliona hilo katika filamu. Fonteyn mwenyewe alifariki Panama tarehe 21 Februari 1991, miaka arobaini na mitano na siku moja baada ya usiku ule. Mwaka 2006 kundi lake, ambalo sasa huitwa Royal Ballet, liliirudisha kazi ya Messel, mandhari na maleba yakifuata michoro yake. Kasri likaamka tena. Aliyeamka ndani yake alikuwa mwingine, kijana, mzuri, asiye na habari za kuponi wala za Uholanzi.

Perrault ana jambo jingine, la baada ya kuamka. Mwana wa mfalme anaona kwamba gauni la binti ni la mtindo wa enzi ya nyanya yake, lakini ananyamaza, hamwambii. Wakati wa chakula, wapigaji wa fidla na zumari wanapiga nyimbo nzuri za kale, ambazo hazijapigwa kwa karibu miaka mia moja. Kwa wapigaji hao, nyimbo zile ni za jana. Mmoja wao aligundua lini kwamba mgeni hazitambui? Na alipogundua, alifanya nini? Angeweza kuishusha fidla yake na kuuliza mwaka. Nadhani hakuuliza, maana binti alikuwa anasikiliza, na hapakuwa na mwingine mezani aliyeujua wimbo ule pamoja naye.