Gari la Uzinduzi na Gari la Mashindano

Ukisimama Usa River asubuhi, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, utayaona magari ya watalii yakipita kwa makundi. Mengi kati yake hayakutoka kiwandani yakiwa na umbo hilo. Mafundi wa Arusha waliyakata katikati, wakayarefusha, wakayaongezea viti, wakayawekea paa la kufunguka na kuyabadilishia springi na shokapu ili yastahimili njia za Serengeti. Kazi hiyo imefanyika hapa kwa miongo kadhaa, na wengi walioifanya walijifunza chini ya fundi mwingine, gereji kwa gereji. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, si fundi. Lakini kila niyaonapo magari hayo hujiuliza swali ambalo kwangu ni la kisiasa: ujuzi huu umewezaje kurithishwa gerejini, ilhali vyuoni kwetu kila mwaka tunaanza upya?

Jawabu nililipata mbali kidogo, katika magari ya mashindano yanayoundwa na wanafunzi.

Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, yalianza mashindano yanayoitwa Formula SAE. Uingereza ilianzisha ya kwake mwaka 1998, na Ujerumani mwaka 2006. Wanafunzi huunda gari dogo la kiti kimoja, hulileta uwanjani, nalo hupimwa kwa alama 1,000. Asiyeyajua mashindano haya hudhani kwamba mshindi ni mwenye kasi tu. Katika kanuni za Marekani, mbio za mita 75 za kupima uchomokaji zina alama 100 pekee. Kuutetea usanifu wa gari mbele ya majaji kuna alama 150. Kueleza gharama, hadi bei ya kipande kimoja kimoja, kuna alama 100. Jaribio lenye uzito kuliko yote, alama 275, ni la ustahimilivu: kilomita zipatazo 22, na katikati ya safari dereva hushuka akampisha mwenzake. Hapo ndipo magari mengi hufia. Nati iliyolegea, waya uliokatika au mpira unaovuja mafuta hutosha kuifuta kazi ya miezi kumi.

Kuna sharti jingine lenye siasa ndani yake. Mashindano ni ya kila mwaka, na gari la mwaka jana halirudi kama lilivyo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huhitimu wakaondoka, na wanaobaki hulazimika kujua kwa nini breki za mwaka jana zilipata moto, nani aliuchagua unene ule wa bomba la fremu, na hesabu zake ziko wapi. Timu isiyoandika hurudia makosa yale yale. Timu inayoandika hupanda juu ya mabega ya waliotangulia. Chukua timu ya chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi. Ilianzishwa mwaka 2006, ikaingia katika magari ya umeme mwaka 2010, na Septemba 2023 gari lao lilitoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956, rekodi ya dunia kwa gari la umeme. Wanafunzi walioivunja rekodi hiyo walikuwa watoto wadogo wakati timu inaanzishwa. Hakuna kati yao aliyeweza kusema kwamba gari lile ni lake peke yake.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi walifanya kazi, na Februari 1990 gari la Nyayo Pioneer likazinduliwa Kasarani mbele ya Rais. Lilifikia kasi ya kilomita 120 kwa saa, jambo lisilo dogo hata kidogo. Ikaundwa kampuni ya kuyazalisha kwa wingi. Fedha hazikupatikana, na kampuni ile baadaye ikabadilishwa jina na kuwa karakana ya kutengeneza vipuri vya mashine. Wahandisi wale walitimiza walichoagizwa. Agizo lenyewe ndilo lililokuwa na kasoro: lilitaka gari, halikutaka gari la pili. Baada ya kitambaa kuvuliwa na makofi kupigwa, hakuna tarehe nyingine iliyokuwa ikiwasubiri.

Makerere walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2007, wanafunzi na walimu wao waliungana na vyuo vya nchi nyingine katika mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanafunzi wa MIT, wakashiriki kuliunda gari lililoitwa Vision 200. Waliporudi nyumbani, chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodi-Togboa na Paul Isaac Musasizi, walijenga Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililozinduliwa Novemba 2011. Mwaka 2014 likaja Kiira EV Smack, gari la watu watano linalochanganya umeme na petroli. Mwaka 2016 likaja Kayoola, basi la viti 35 lenye paneli za jua juu ya paa. Mradi ukageuka kampuni, na ujenzi wa kiwanda ukaanza Jinja. Mtu anaweza kuhoji fedha za umma zilizotumika, na ni haki yake. Hata hivyo, yatazame magari yale kwa mpangilio wake wa miaka: kila moja lilizaliwa na somo la lililotangulia.

Hapa Tanzania tunayo Nyumbu ya Kibaha, iliyothubutu kuunda lori wakati wengi wakicheka. Kuthubutu hatukukosa. Tulichokosa ni kumbukumbu. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha kulikuwa na stoo ya miradi ya wanafunzi wa uhandisi. Ndani yake mlikuwa na fremu za magari madogo, injini ya pikipiki iliyofungwa kwenye mabomba, na usukani uliochomelewa kwa uangalifu mkubwa. Hakuna kilichokuwa na karatasi. Kijana mmoja aliyetaka kuuendeleza mradi wa mtangulizi wake alihitaji ripoti tu. Alizungushwa ofisi tatu kwa wiki mbili, akaambiwa hatimaye achague mada mpya kwa kuwa hiyo "ilishafanyika." Neno hilo limenikaa moyoni. Kwetu, jambo likishafanyika limekwisha. Kwa timu ya mashindano, jambo likishafanyika ndiyo limeanza.

Najua atakachouliza ofisa wa bajeti: mbio zitazalisha nini? Ni swali la halali. Nikumbushe kwamba mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwamba Peugeot na Datsun zilizishinda zikatangaza duniani uimara wa magari yao. Matope yetu yalikuwa maabara ya wengine. Gharama tulizibeba sisi wenye barabara, na elimu ikasafiri kwenda walikokuwa na daftari la kuiandikia.

Ninachopendekeza hakihitaji kiwanda. Tuwe na mashindano ya kila mwaka kwa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu: gari la kiti kimoja, injini ya bodaboda au mota ya umeme, kikomo cha bei kinachokaguliwa risiti kwa risiti, na kilomita ishirini za kumaliza. Chuo cha Ufundi Arusha kipo mjini, Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru, gereji zipo kati yao. Fundi wa Arusha akae mezani kama jaji pamoja na profesa. Na timu isiyoleta ripoti ya gari lake la mwaka uliopita isiruhusiwe kuwasha injini.

Ndugu mtumishi wa umma, ukialikwa kuzindua gari la wanafunzi, nenda, ila kabla ya kukata utepe uliza ni nani atakayelijenga la mwakani na kama bajeti yake imeshatengwa. Ndugu mwanaharakati, uliza hilo hilo hadharani. Nanyi wanafunzi wangu, msisubiri kuagizwa: fungueni daftari la timu wiki hii, mwandike kilichoharibika, kwa nini kiliharibika, na mngefanya nini tofauti. Atakayelisoma bado yuko sekondari.