Mwezi Umechelewa

Watoto hupenda kinachorudi. Aliyesimuliwa hadithi ya Sungura na Fisi jana ataitaka ile ile leo, na ukiruka neno atakusahihisha. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ndiyo sababu anga huwavutia: jua huenda likarudi, mwezi hufa ukazaliwa, nyota ziko pale pale. Siku hizi sina hakika. Huenda kinachowashika ni kwamba hadithi hii ya juu, kila inaporudiwa, hubadilishwa neno moja, na wao ndio wa kwanza kulisikia.

Mjukuu wangu yuko darasa la nne. Tunakaa Bagamoyo, ambako jua hutokea baharini, na wakati wa likizo alizoea kunifuata barazani baada ya magharibi. Jioni moja mwezi mpevu ulipanda juu ya maji giza lilipoanza tu kuingia. Kesho yake, wakati ule ule, tukatoka tukaikuta bahari nyeusi, tupu.

"Babu, mwezi umechelewa," akasema.

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nikaanza na dunia inayojizungusha, nikaingia kwenye mwezi unaoizunguka dunia, naye akanivumilia mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo na kesho utachelewa?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo yangu, maana lilikuwa na jibu ambalo angeweza kulipata bila mimi. Ilibidi angoje tu. Na kungoja, nimekuja kuona, ndiko kunakonishinda mimi kuliko yeye.

Tukaanza kupima kwa ngumi. Unanyoosha mkono mbele, unakunja ngumi, unafumba jicho moja: upana wa ngumi hiyo ni kama digrii 10 za anga. Mkono wa mtoto ni mfupi lakini na ngumi yake ni ndogo, hivyo kipimo chake na changu hakipishani sana, jambo lililomfurahisha kuliko mengi niliyowahi kumfundisha. Akachagua nyota iliyokuwa karibu na mwezi. Usiku uliofuata mwezi ulikuwa umeiacha nyota ile kwa ngumi moja na kitu, kuelekea mashariki. Hapo kuchelewa kukaeleweka: kila siku mwezi husogea kiasi hicho, na dunia inapomaliza mzunguko wake haiukuti pale ilipouacha, inabidi izunguke kidogo tena kuufikia, dakika 50 hivi. Hizo ni za wastani. Siku nyingine hupungua, siku nyingine huzidi, na alipoligundua hilo akataka kujua kwa nini basi nilisema 50.

Watu wa bahari hesabu hii wanayo bila ngumi. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza huanza kwa kuuliza mwezi una siku ngapi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali, tofauti ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Na kila siku saa ya kupwa husogea mbele, ikiandamana na kuchelewa kwa mwezi. Maneno hayo nimeishi nayo tangu utotoni, na shuleni nilisoma habari za mvuto wa mwezi na jua, lakini vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwangu miaka mingi bila kusalimiana. Aliyevikutanisha ni mtoto, aliposema kwamba basi na bahari nayo imechelewa.

Jua ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliamini. Saa zetu tunazihesabu kwalo: linachomoza kama saa kumi na mbili, linazama kama saa kumi na mbili, na hapa, karibu na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata kwa saa moja. Mtu anaweza kuzeeka akidhani halibadilishi chochote. Lakini Juni, kutoka pale ninapoketi, lilikuwa likitokea kushoto kabisa kwa mnazi uliopinda wa jirani, na Desemba lilikuwa limehamia kulia, umbali wa karibu ngumi tano. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hutupita utosini. Kijiti tulichochomeka uani kikakosa kivuli, na siku zilizofuata Machi ile kivuli cha adhuhuri, kilichokuwa kikielekea kaskazini, kikageukia kusini. Nimepita ua huo maisha yangu yote.

Nikajiuliza kwa nini wazee wa pwani hawakuhangaika kuulazimisha mwezi ukubaliane na jua. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Waliiacha irudi. Kwa kilimo na safari za majahazi walikuwa na mwaka wao wa Nairuzi, siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na Makunduchi bado wanaukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Pembeni kulikuwa na kilimia, kile kikundi cha nyota kinachozama na mvua za masika na kuzuka alfajiri mwezi wa Juni, kiangazi kikianza. Hesabu tatu, hakuna iliyoikana nyingine. Mimi ningetaka moja tu, iliyonyooka.

Mjukuu wangu alianza kujaribu kufunga Ramadhani ya masika. Akauliza itarudi lini kwenye mvua zile zile. Baada ya miaka kama 33, nikamwambia. Akajumlisha na umri wake, akacheka kwamba atakuwa mkubwa kuliko mama yake alivyo sasa. Akaanza kujumlisha na wangu. Nikamwambia hesabu hiyo aiache.

Hapo ndipo ninapokwama. Napenda kusema mtoto aachwe aone mwenyewe, lakini kuna mizunguko ambayo maisha hayatoshi kuiona, na hiyo hupokewa kwa kuambiwa tu. Wapi ninyamaze, wapi niseme? Usiku mwingine nanyamaza pale nilipopaswa kusema, na mara nyingi zaidi ni kinyume chake.

Daftarini kachora mwezi mchanga umelala chali, pembe zote mbili juu, kama tunavyouona huku. Kitabu chake kimeuchora umesimama, unavyoonekana kwa watu walio mbali na ikweta. Kitabu hicho hicho kinasema jua huchomoza mashariki, na mtihani utamuuliza hivyo hivyo. Nimemwambia aandike mashariki.

"Ya Juni au ya Desemba?" akauliza. Nikamwambia aandike mashariki tu, na bado sijui kama nilimsaidia.