Kutoka Upanga Hadi Pumwani

Basi liliondoka Dar es Salaam alfajiri. Tulipofika Namanga giza lilikuwa limeshaingia, na majina ya wajukuu wote wa mama aliyekaa kando yangu nilikuwa nimeyashika. Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, Arusha: barabara ile ina urefu wa kumtosha mtu kusimulia ukoo mzima. Alikuwa anarudi kwake Machakos. Aliponiuliza ninachofuata Nairobi nikamwambia naenda kuandika habari za hospitali za moyo, akacheka. "Mwanangu, wagonjwa wetu wanapanda ndege kwenda India. Wewe unapanda basi kuja kwetu?"

Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka ule. Mfukoni nilikuwa na orodha ya hospitali, na kichwani nilikuwa na maswali niliyoyaokota Upanga, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako nimezoea kwenda kutafuta habari. Zamani Mtanzania aliyehitaji kufunguliwa moyo alisubiri zamu ya kupelekwa India kwa gharama ya serikali. Mwaka 2008 upasuaji huo ukaanza katika hospitali ya Muhimbili, hukohuko Upanga, na mwaka 2015 taasisi ikawa chombo kinachojitegemea, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Profesa Mohamed Janabi. Waandishi tunapenda kumpiga picha daktari aliyevaa barakoa, taa kubwa juu ya kichwa chake. Picha ile haisemi nusu ya jambo. Anayeongoza huduma ya moyo hushinda akihangaikia mambo yasiyo na picha. Damu ya kundi linalotakiwa ipo benki leo? Mtaalamu wa ile mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo wenyewe umesimamishwa akihama, nani atakaa kwenye kiti chake? Wauguzi wa chumba cha mahututi, ambao hawaivi kwa mwaka mmoja, watazuiwaje wasivutwe na mishahara ya Ghuba? Na wageni wanapokuja kwa kambi ya upasuaji ya wiki moja, swali la kiongozi si watapasua wangapi. Swali ni kama wiki ikiisha daktari mwenyeji ataweza kufanya peke yake kile alichokuwa akikitazama. Kambi isiyoacha ujuzi ni ukarimu tu, nao ukarimu hupanda ndege ukaenda zake.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyalinganisha na ya Nairobi. Niliamini nitayakuta kwenye hospitali kubwa. Pumwani haikuwa kwenye orodha. Pumwani ilikuwa mahali pa kulala tu, kwa shangazi.

Shangazi alinipokea usiku nikiwa nimevimba miguu kwa kukaa, akanipeleka kwake Majengo, ndani ya Pumwani. Nilizindukana kwa adhana ya Msikiti wa Riyadha, na kwa kitambo kidogo nikadhani niko Kariakoo. Nyumba yenyewe ilinidanganya: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, wapangaji wakipishana na ndoo. Ni nyumba ya Kiswahili hasa, ila baridi yake si ya pwani. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja, na vijiji vya zamani vya mji vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Waliohamishiwa hapa waliruhusiwa kujijengea, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake waliojenga kwa fedha zao wenyewe. Wakati Pangani, kimojawapo cha vijiji hivyo, ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walisukumwa jirani, Shauri Moyo. Ukienda upande mmoja unaangukia Gikomba, mitumba mpaka macho yachoke. Upande mwingine Eastleigh na maduka ya Wasomali. Na katikati ya yote hayo ipo hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka 1926, ambayo nusu ya watu niliozungumza nao Nairobi, pamoja na dereva wa matatu, waliniambia ndimo walimozaliwa.

Siku ile ya kwanza shangazi alimwalika chai rafiki yake, mkunga mstaafu. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Hiyo shikamoo yako imetoka mbali."

Nikamweleza orodha yangu. Akaisoma, akairudisha mezani. "Huku kote ni kuzuri. Lakini moyo wa mwanamke wa mtaani hauendi kujionyesha kwa bingwa. Unajionyesha kwa mkunga, usiku, kitandani pa uzazi. Na mkunga ana mikono miwili na akina mama wengine wanamwita."

Alivyoeleza ndivyo vitabu vinavyosema, ila yeye aliyasema kwa lugha ya wodi. Mimba ikikua, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu. Moyo mzima huubeba mzigo huo bila mwenyewe kujua. Moyo ambao mlango wake wa kushoto, ule ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, umekakamaa na kubana, hauwezi. Damu hurundikana nyuma na mapafu huanza kujaa maji. Hatari haiishi mtoto akitoka. Kizazi kikijikunja, damu iliyokuwa humo hurudi mwilini kwa mkupuo, na mama aliyevuka uchungu akaonekana salama anaweza kuzidiwa saa hiyohiyo.

"Msichana anakwambia amechoka, unamwambia ni mimba. Anakwambia halali chali, anaegemea mito mitatu, unamwambia ni mimba. Anakohoa usiku, unamwambia baridi ya Nairobi. Kweli ni mimba. Lakini si mimba peke yake."

Nilikumbuka utafiti mkubwa ulioendeshwa kutoka Cape Town na kundi la marehemu Profesa Bongani Mayosi, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2014. Waliandikisha wagonjwa 3,343 wenye milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, katika nchi 12 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, pamoja na India na Yemen. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Na kati ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango hawakufika wanne katika kila mia. Niliwahi kuzinukuu takwimu hizo gazetini kama mtu anavyonukuu bei ya mafuta. Pale uani kwa shangazi, mbele ya mtu aliyewapokea watoto wa wanawake haohao, zilikuwa na uzito mwingine.

Ugonjwa wenyewe huanza mbali sana na moyo. Huanza kooni mwa mtoto, kwa vijidudu vinavyorukia kutoka kwa mmoja hadi mwingine pale wengi wanapolala chumba kimoja. Koo hupona, mtoto hurudi mpirani. Kwa baadhi yao, wiki chache baadaye viungo huvimba na kuuma, goti leo, kiwiko kesho. Ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa, inashambulia viungo na moyo wa mwenye nao. Hilo likijirudia mara kadhaa, mlango wa moyo hubaki na makovu. Kisha kimya cha miaka mingi, mpaka binti apate mimba. Nilipotembea Majengo jioni ile, nikiona watoto wakitoka madrasa makundi kwa makundi, kila mmoja akimkohoa mwenzake, sikuweza kuacha kuangalia makoo.

Kesho yake nikashika orodha yangu. Matatu mpaka mjini, nyingine mpaka South B, na muziki wa kutikisa meno. Hospitali ya Mater ilifunguliwa na masista Wakatoliki mwaka 1962, na tangu miaka ya 1990 jina lake limefungamana na mbio zinazoitwa Mater Heart Run, ambapo watu hununua fulana, wakakimbia au wakajikokota, na fedha zikalipia upasuaji wa watoto ambao wazazi wao hawawezi. Nililipenda wazo hilo kuliko nilivyotarajia. Huduma ya moyo ni ghali, na kiongozi asiyejua kuomba hawezi kuiendesha. Lakini fulana hukusanya fedha za tukio moja, mpasuo mmoja, mtoto anayetabasamu. Ni vigumu zaidi kumchangisha mtu kwa ajili ya sindano ya kila mwezi ya kuzuia ugonjwa usisonge mbele.

Kutoka hapo nilikwenda Kenyatta, kilimani, hospitali iliyoanza mwaka 1901 na vitanda 40 na sasa ni mji ndani ya mji. Kutoka Pumwani hadi pale hazifiki kilomita kumi. Barabara ikiwa tupu haifiki nusu saa. Nami sikuiona tupu hata mara moja. Ukikaa kwenye benchi za kliniki yoyote kubwa ya rufaa utawasikia watu wakitaja walikotoka: Kitui, Garissa, Busia. Wa Eastlands, upande wa Pumwani, husema tu "hapa karibu", na wengi wao hufika wamechelewa sawasawa na wa Garissa.

Dawa ya mlango uliobana ipo, na wakati mwingine haihitaji kupasua kifua. Mwaka 1982 daktari Mjapani, Kanji Inoue, alipitisha puto kwenye mshipa wa paja, akalifikisha moyoni, akalijaza, na mlango ukafunguka. Huku kwetu watu huiita njia hiyo upasuaji wa tundu dogo. Mjamzito anaweza kufanyiwa, mtoto akabaki tumboni salama. Sharti ni moja: lazima ajulikane mapema. Puto haliwezi kumfuata mama ambaye hakuna aliyewahi kuuweka mrija wa kusikilizia kifuani pake.

Wakenya wengi waliniambia nikitaka kuona moyo niende Tenwek, Bomet, hospitali ya misheni ya tangu 1937, ambako Daktari Russell White na wenzake wamejenga upasuaji wa moyo kijijini kabisa na kuwafundisha Waafrika kuufanya. Sikufika, nauli na siku zilikuwa zimepungua. Ila kuwapo kwa Tenwek peke yake kunavunja hoja ya wale wanaosema moyo ni jambo la majengo ya vioo vya mjini.

Nilirudi Majengo jioni, nikakuta ukumbini binti jirani wa shangazi. Milango miwili ya moyo wake ilibadilishwa alipokuwa shuleni, akawekewa ya chuma. Inafanya kazi; ukikaa karibu naye kukiwa kimya unaisikia. Ila anameza dawa ya kuyeyusha damu kila siku, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara, maana ikiwa nzito mlango unaganda na ikiwa nyepesi anavuja damu. Sasa ameolewa. Anataka mtoto, na dawa hiyohiyo inayomweka hai inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Angewekewa milango ya nyama, asingehitaji dawa hiyo maisha yake yote, lakini kwa kijana milango hiyo huchakaa upesi, na angerudi kupasuliwa tena. Hakuna jibu rahisi hapo. Lakini kuna swali ambalo daktari aliye chumba cha upasuaji hawezi kulijibu kama hajui mtaa: huyu binti anaishi wapi, nani atampima damu, ataolewa lini, nauli ataitoa wapi?

"Walinitibu vizuri sana," aliniambia. "Tatizo ni siku zilizobaki."

Hapo ndipo nilipouona uongozi wa huduma ya moyo kwa sura nyingine. Nikakumbuka utafiti mwingine. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Moyo ya Uganda waliwapima watoto zaidi ya laki moja. Waliokutwa na dalili za awali wakagawanywa makundi mawili, moja likachomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, na 818 wakaingia katika hesabu ya mwisho. Matokeo yalitoka mwaka 2021: katika waliochomwa sindano ugonjwa ulisonga mbele kwa watatu tu, katika wasiochomwa, 33. Penisilini ni dawa ya zamani na bei yake ni ndogo. Inauma, mtoto hulia, mama huona huruma, mwezi unaofuata hawaji. Anayewarudisha si bingwa. Ni mtu mwenye daftari na simu, anayejua jina la mtoto na mlango wa nyumba yao, na anayelipwa kwa kazi hiyo.

Nimeandika mara nyingi kusifu mashine mpya zilizofika Upanga, na sizifuti sifa hizo. Lakini wakurugenzi wa huduma za moyo, wa Nairobi na wa kwetu, ninawaomba jambo moja kabla ya kununua mashine inayofuata. Wekeni daftari la wagonjwa wenu kwenye hospitali za uzazi na zahanati za mitaa kama Pumwani. Mfundisheni mkunga kusikiliza moyo, mpeni karibu naye kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, na simu ya bingwa atakayeipokea usiku. Na wewe mama unayesoma haya, mwanao akiumwa koo na homa, mpeleke zahanati, na akiandikiwa dawa hakikisha anaimaliza.