Waya Hautanuki

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tairi la baiskeli pale Tengeru, Arusha, lilikuwa mali. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuonekana, na vitu vya dukani vilipatikana kwa mgawo. Mtu akibahatika kupata tairi jipya la 28 kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, alilifunga kwenye rimu akijua litakaa pale miaka na miaka. Likipasuka ubavuni, lilishonwa kwa uzi wa katani. Likilika mpaka nyuzi zikatokeza, kipande cha tairi kuukuu kilitiwa kwa ndani, safari ikaendelea. Kwa hiyo siku ya kulitoa ilipofika, halikutaka kutoka.

Mama yangu alikuwa akiuza ndizi sokoni Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, na mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli kando ya soko hilo hilo, chini ya mringaringa. Mimi nilikabidhiwa kwake mpaka soko livunjike. Nilikalia kopo la rangi, karibu na beseni lake la maji ya kutafutia pancha, na hapo ndipo nilipoanza kuangalia mikono yake.

Baiskeli zilishuka kutoka Poli, Nkoaranga na Sing'isi, zimebeba mikungu ya ndizi mpaka mpandaji haonekani ukiwa nyuma yake, au madumu ya maziwa yaliyofungwa kwa mpira pande zote mbili. Zilikuwa Phoenix za China, Raleigh za Uingereza zilizorithiwa kwa baba, na Swala za kiwanda chetu cha Dar es Salaam. Zote zilikuwa na rimu za chuma na breki za fito. Ukishuka mlima Meru na mkungu nyuma, fito zile zinasaga rimu njia nzima. Nikeli inakwisha. Kisha masika yanakuja na tope lile jeusi, maji yanaingia pembeni mwa tairi, na chuma kinaanza kula kutu mahali ambapo hakuna anayepaona. Kutu hiyo inashika mpira. Baada ya miaka mitatu au minne, tairi na rimu vinakuwa kitu kimoja.

Nakumbuka kijana mmoja wa maziwa, gurudumu la nyuma limekaa chini kabisa, mzigo umebaki juani.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, baba. Umeokota nini?”

“Mwiba, nadhani. Naomba unifanyie haraka, maziwa yataharibika. Chukua hata bisibisi, ulibandue tu.”

“Bisibisi itang'ata tyubu, halafu badala ya kiraka kimoja utanilipa viwili. Kaa kivulini, mwanangu. Hayo maziwa nayo yasogeze kivulini.”

Mjomba hakuwa na bisibisi karibu na tairi, na hakuruhusu mtu mwingine alete yake. Vyuma vyake vya kutolea tairi vilikuwa viwili, vilivyofuliwa na fundi wa mtaa wa Unga Limited kutokana na springi ya gari, vipana kama kijiko kwenye ncha, vimesuguliwa kwa msasa mpaka ukipitisha ulimi hukwaruziki. Lakini hakuvigusa mwanzoni. Kwanza alifungua vali na kutoa upepo wote, akilikalia gurudumu ili hata pumzi ya mwisho itoke. Kisha alililaza chini, akavua katambuga, akapanda juu ya ubavu wa tairi kwa visigino, akizunguka hatua ndogo ndogo. Kutu ilipoachia ulisikia mlio mkavu, kama wa muhogo mbichi ukivunjwa. Akaligeuza, akafanya hivyo hivyo upande wa pili. Pale palipogoma alimwagia maji ya sabuni ya kipande, akasubiri, akapiga gumzo na yule kijana habari za mvua.

Halafu akaniita. “Njoo, mama. Weka kidole hapa.”

Kidole changu kikaingia kati ya tairi na rimu, kikagusa mfereji unaopita katikati ya rimu, pale spoki zinapotokeza vichwa. “Unaona pako chini kuliko pembeni? Sasa gusa ukingo wa tairi. Ndani yake mna waya wa chuma. Ule hautanuki hata uje na watu kumi. Basi hatuvuti. Tunauteremsha humu upande mmoja, ulegee upande wa pili.”

Nimesoma mambo mengi tangu siku ile, na sijakuta maelezo bora zaidi. Waya wa tairi lile la 28 una kipenyo cha milimita 635, yaani ukiunyoosha unakaribia mita mbili. Ukingo wa rimu ni mpana kuliko waya, ndiyo maana tairi haliruki likijazwa upepo. Njia pekee ya kuuvusha waya usiotanuka juu ya ukingo uliouzidi upana ni kuuazima nafasi mahali pengine, na mahali penyewe ni mfereji ule. Ukisukuma waya kwa vidole gumba ukatumbukia katikati, kuanzia upande ulio mkabala na vali ukija nao pande zote mbili, unapata milimita chache karibu na vali. Milimita hizo chache ndizo kazi yote. Aliyegundua jambo hilo ni Mwingereza Charles Kingston Welch, mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya John Boyd Dunlop kule Belfast kupata hataza ya tairi lake la upepo, ambalo kwanza lilifungwa kwenye gurudumu moja kwa moja na kulitoa ilikuwa shughuli nzito. Tangu hapo baiskeli imebadilika karibu kila kitu, ila waya na mfereji vipo.

“Anza kwenye vali, maliza kwenye vali,” mjomba alikuwa akisema. Kitako cha vali za zamani, zile zenye kimpira ndani na nati yake, kinaziba mfereji. Mahali hapo waya hauwezi kushuka hata ufanyeje. Kwa hiyo sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kutolewa na ya mwisho kurudishwa, na upande wa pili uwe ndani ya mfereji muda wote. Akachomeka chuma cha kwanza karibu na vali, akakikandamiza na kukizuia kwenye spoki. Cha pili spoki tatu mbele. Kisha akaniachia mimi nipitishe kidole kuzunguka. Tairi lilitoka mkononi mwa mtoto wa kike wa darasa la nne, na yule kijana wa maziwa akasimama kuangalia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mjomba alilipigania kuliko yote. Tyubu inahitaji kukingwa na vichwa vya spoki, na kwa kuwa mkanda wa rimu haukupatikana dukani, kila mtu alikata pete kutoka tyubu kuukuu na kuivisha rimu. Ni ufundi mzuri na bado unafaa. Shida ni kwamba kila pancha ilipoletwa na spoki, fundi mwingine njiani aliongeza pete juu ya pete. Nimemwona mjomba akibandua tabaka nne kwenye rimu moja, za rangi mbalimbali, moja ikiwa na kiraka chake. Mfereji ulikuwa umejaa mpaka juu. Waya hauna pa kushukia, na mwenye baiskeli anaapa kwamba kauziwa tairi dogo. Mjomba alibakiza pete moja nyembamba, akalirudisha tairi lile lile kwa mikono mitupu, bila chuma chochote. Hakusema neno. Alimkabidhi mwenye mali, akachukua gurudumu lingine.

Ajabu ya miaka ile ni kwamba tuliishi karibu na kiwanda cha matairi. General Tyre ilianza uzalishaji hapa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na matairi yake ya magari yalitembea nchi nzima. Sisi wa baiskeli tuliyapata yakiwa yamekufa: kama katambuga, kama mpira wa kufungia mzigo. Kiwanda kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na mpaka leo wapo wazee wa Arusha wanaokitaja kama mtu anayemtaja ndugu aliyefariki.

Ruhusa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipokuja nusu ya pili ya miaka ya 1980, matairi ya India na China yakajaa sokoni. Kutu ikaacha kuwa adui wa kwanza, maana sasa mtu aliweza kubadilisha tairi kabla halijaoana na rimu. Lakini ugumu haukuondoka. Matairi yale yalikuja yamefungwa kwa kupindwa mara tatu kama namba nane, mpira mkavu, ubavu mgumu. Mwezi wa saba, ukungu wa Meru ukiwa umeshuka mpaka barabara ya Moshi na watu wamejifunika mablanketi sokoni, mpira huo unakuwa kama ubao. Mjomba aliyatundika matairi mapya juani siku moja kabla ya kazi. Jua likikosekana, aliomba maji ya moto kwa mama wa chai. Kijana aliyelazimisha tairi la baridi saa moja asubuhi aliishia na ngozi ya vidole imechubuka, na tairi lile lile likaingia bila neno saa saba mchana. Hili naliamini mpaka leo: joto ni zana, na halina gharama.

Halafu zikaja bodaboda. Kufikia mwaka 2010 hivi mizigo ya ndizi na maziwa ilikuwa imehamia kwenye pikipiki, na mafundi wakahama nayo. Siwalaumu, pesa ilikuwa huko. Lakini walipoletewa baiskeli, waliishika kwa mikono ya pikipiki: vyuma virefu vya nondo, mguu juu ya gurudumu, nguvu. Rimu ya chuma ya Phoenix huenda ingevumilia. Rimu za aluminiamu zilizokuwa zimeanza kuingia hazivumilii. Ukingo unapinda, na ukishapinda breki inadunda kila mzunguko. Nilisikitika, kwa sababu maarifa yaliyokuwa yamekaa chini ya kila mti kando ya soko yalipotea ndani ya miaka michache tu, bila mtu kuyakataa. Wapo walioyapeleka mbele, na nawaheshimu: Bernard Kiwia, aliyeanzia kwenye ufundi wa baiskeli hapa hapa Arusha, alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli na mashine nyingine nyingi, kisha akashiriki kuanzisha karakana ya Twende ili wengine wajifunze kubuni kwa mikono yao.

Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani zilileta mtihani wa aina nyingine kabisa. Sisi tulijua namba moja, 28, na wenye haraka wakajua mbili, 28 na 26. Kumbe 28 ya Phoenix ni 635, na 28 ya baiskeli nyingi za Kidachi na Kijerumani ni 622. Milimita 13 za kipenyo! Tairi la 622 halitaingia kwenye rimu ya 635 hata uchemshe maji ya pipa zima. Namba 26 nayo ni mtego: baiskeli ya mlimani ni 559, ile ya kike ya Kijapani yenye kikapu mbele mara nyingi ni 590. Nimeona mtu sokoni Kilombero, hapa Arusha, akipigana na tairi la namna hiyo, jasho linamtiririka, waya umeanza kutokeza ubavuni. Kwenye ubavu wa tairi, karibu na ukingo, kuna maandishi madogo yaliyoinuka, tarakimu mbili, kistari, kisha tatu: 40-635, 47-622. Zile tatu za mwisho ndizo za kulinganisha na rimu. Mjomba hakuwa na haja ya kuzisoma kwa sababu enzi zake kila gurudumu pale sokoni lilikuwa la namba moja. Mimi siwezi kununua tairi bila kuzipangusa kwa kidole kwanza.

Mtoto wa dada yangu sasa ana karakana Njiro. Anatunza baiskeli za wageni wanaotembezwa kandokando ya Hifadhi ya Arusha na wengine wanaokwenda mpaka Manyara. Matairi yake hayana tyubu. Ndani kuna maji mazito meupe yanayoziba tundu la mwiba yenyewe, na kwa njia za Kisongo zenye miiba ya migunga ni uvumbuzi wa kushukuru kwa dhati. Waya wa matairi hayo unabanwa kwenye kidaraja pembeni mwa rimu, nyuma ya kituta kidogo, ili upepo usivuje. Maji yale yakikauka yanagandisha mpira kwenye rimu.

Mwaka jana alinipigia simu, tairi limemkatalia, vyuma vya plastiki vimekatika mkononi.

“Shikamoo, mama mdogo. Hili tairi nadhani ni bovu kutoka kiwandani.”

“Marahaba, mwanangu. Upepo umetoka wote? Waya umeuvusha kituta, pande zote mbili?”

Alikuwa ameuvusha upande mmoja tu. Nikamwambia alilaze gurudumu juu ya gunia, akandamize ubavu wa pili kwa viganja mpaka asikie umeachia, kisha aupeleke waya katikati kwa vidole gumba kuanzia mkabala na vali. Simu ilibaki imewashwa juu ya meza. Nilisikia anahema, nikasikia mpira unaachia, mlio laini kuliko wa kutu. Kisha akacheka peke yake.

Nilipokwenda kumwona Jumamosi iliyofuata alinionyesha rimu ile ikiwa wazi. Mkanda wa ndani ulikuwa umebandikwa mara tatu, tabaka juu ya tabaka. Tukakaa wawili, yeye na kisu kidogo, mimi na kitambaa cha spiriti, tukaanza kuubandua.