Njiti kifuani mapema: wauguzi wamebadili kauli

Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, msafara ulitembea miezi mitatu hivi. Stanley, akimtafuta Livingstone, aliondoka pwani Machi 1871 akafika huku Juni, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi. Siku hizi habari ya Dar es Salaam inaingia kwenye simu ya mtu wa Tabora kabla chai haijapoa. Ujuzi wa wodini, hata hivyo, bado unasafiri kwa miguu. Mpaka ufike kitandani kwa mgonjwa, lazima kuwe na mtu aliyekubali kuacha alichofundishwa.

Muuguzi mmoja wa mkoani Tabora, aliyezeeka kazini katika wodi ya watoto wachanga, alifundishwa chuoni hivi: mtoto njiti akizaliwa, awekwe kwenye mashine ya joto, apewe dripu na oksijeni ikibidi, asubiriwe hadi hali itulie. Akishatulia ndipo mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia ya kangaroo. Naye akawafundisha wanafunzi wake vivyo hivyo. Hakubuni, hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema hivyo.

Njia ya kangaroo ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine, akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao. Wengi waliiona kuwa dawa ya kimaskini tu, mpaka utafiti wa miaka iliyofuata ulipoonyesha kuwa inaokoa maisha. Lakini tafiti nyingi kati ya hizo ziliwahusu watoto waliokwisha kutulia. Hapo palikuwa na tundu kubwa, kwa kuwa njiti wengi wanaokufa hufa siku za mwanzo kabisa, wakiwa bado wanasubiri huko kutulia. Waliokufa wakisubiri hawakuingia kwenye hesabu.

Basi kuanzia mwaka 2017 hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zikalijaribu jambo hilo. Ya Tanzania ilikuwa Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Mzazi akisikia neno bahati nasibu anashtuka, na ana haki. Ila bila hivyo daktari angewapeleka kifuani wale wenye nguvu na kuwaacha dhaifu kwenye mashine, kisha kifua kisifiwe kwa kazi isiyokuwa yake. Kundi moja lilibebwa mara tu baada ya kuzaliwa, lingine lilisubiri kama kawaida.

Katika kila watoto 100 waliosubiri, karibu 16 walikufa kabla ya kutimiza siku 28. Waliobebwa mapema walikufa 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu wasimamizi waliona si haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili kauli: njiti aanze kubebwa mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi kwa mshtuko wa mwili.

Kusoma hayo ni jambo moja. Jambo lingine ni kumwambia bibi aliyetoka kijijini Uyui na chupa ya uji kwamba mjukuu wake wa kilo 1.4, mwenye mpira puani na sindano mkononi, anatolewa kwenye mashine.

"Mwanangu, mtoto anaumwa hivi, unamtoa kwenye joto?"

"Bibi, joto la mama yake halikatiki umeme ukikatika."

Bibi hakucheka. Aliuliza tena: nani kasema? Muuguzi hakumjibu kwamba ni Wazungu wala ni wizara. Alimweleza habari za Muhimbili, za makundi mawili, 16 na 12. Bibi alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo semina nzima haikuliuliza: "Na huyo mama, analala wapi?"

Hilo ndilo fupa lenyewe. Katika utafiti ule mama hakuitwa dirishani saa ya kunyonyesha kisha akarudishwa wodi ya wazazi. Alipewa kitanda ndani ya wodi ya njiti, na akatibiwa humo humo. Watoto walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Hakuna mwanamke atakayekaa saa 17 kwenye benchi la mbao na mshono wa upasuaji tumboni. Mwenye kuchukua kifua akaacha kitanda amechukua nusu ya utafiti.

Muuguzi alianza na vitanda viwili vilivyokuwa stoo. Haikuwa kazi nyepesi. Wenzake wengine walihofia maambukizi, na hofu hiyo si ya kijinga, ingawa katika utafiti ule maambukizi makali yalikuwa machache kwa waliobebwa mapema. Kunawa mikono kukabaki sheria isiyo na mjadala.

Kwa mzazi anayesoma haya na njiti yuko wodini: mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Husimamishwa wima kati ya matiti, kichwa kikielekezwa upande ili pua iwe wazi, kisha hufungwa kwa kitenge kilichokaza. Mwambie muuguzi akufunge mara ya kwanza. Usimtoe mtoto kwenye mashine mwenyewe. Uliza kama anaweza kuanza leo, na kama jibu ni hapana, uliza kwa nini. Baba naye anaweza kubeba mama akienda kuoga, kula au kulala. Wababa wengi huona aibu kuvua shati mbele ya wanawake wa wodini. Siku ya pili huwa wamezoea.

Siku hizi kwenye kile kitanda kuna daftari lenye safu za saa: Mama, Baba, Bibi. Jumatano moja safu ya Bibi iliandikwa saa 5.